Ndege Isiyotua Njiani



Juma hili nimeulizwa mara tatu swali lile lile: "Baba Paroko, ipo ndege ya moja kwa moja kwenda Dar?" Wa kwanza alikuwa mwalimu anayempeleka binti yake chuoni, wa pili katekista wa kigango, na wa tatu mchimbaji mdogo ambaye kaka yake amelazwa huko. Kila mmoja nilimweka kitini, nikachukua kalamu na karatasi, nikamtaka anionyeshe saa za kuondoka na za kufika kabla hajalipa hata shilingi. Nadhani waliniona mtu wa wasiwasi mwingi. Sababu yake sijapata kuiandika katika ukurasa huu, nami leo naiandika.

Mwaka 2023, mjane mmoja wa kigango chetu, mwenye umri uliopita miaka 70, aliletewa habari kwamba mwanawe wa mwisho amelazwa Dar es Salaam na hali yake si nzuri. Kijana huyo alikwenda kutafuta maisha kama walivyokwenda wengine wengi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu katika Mkoa wa Dar es Salaam watu 5,383,728, wakati ile ya 2012 ilihesabu 4,364,541. Katika ongezeko hilo la watu milioni moja wamo watoto wetu wa Geita na Shinyanga, na kila familia hapa parokiani ina mtu wake Mbagala au Gongo la Mboto. Ujumbe wa simu ulikuwa mfupi: anayetaka kumwona aje upesi.

Sote humwita mama huyo Mayu. Lugha yake ni Kisukuma, na Kiswahili chake ni kile cha sala na cha sokoni. Hajui kusoma. Basi la kwenda Dar lingemchukua mchana na usiku, na miguu yake ilikuwa imevimba tayari. Wanajumuiya wakachanga fedha, wakasema apelekwe kwa ndege. Mimi nikasema, tena kwa majivuno kidogo, kwamba tiketi nitaitafuta mwenyewe.

Nilimwendea wakala mmoja wa tiketi, nikamwuliza kama ipo ndege ya moja kwa moja kutoka Mwanza. Akatazama kompyuta yake, akajibu, "Ipo, Baba, ya moja kwa moja, habadilishi ndege." Nikalipa kwa simu. Karatasi niliyopewa ilionyesha Mwanza, ikaonyesha Dar es Salaam, na kati yao namba moja tu ya safari. Saa za kuondoka na za kufika ziliandikwa waziwazi, na kati yake zilipita saa tatu na zaidi. Sikuzihesabu.

Usiku wa kuamkia safari nilimfundisha Mayu kwa Kisukuma changu kibovu: utafunga mkanda, utasikia masikio yakiziba, umeze mate; ndege ikitua na watu wakisimama, nawe simama ushuke, utamkuta mjukuu wako nje. Nikaandika namba yangu ya simu kwenye kipande cha karatasi, tukakifunga katika pindo la kanga yake. Alfajiri tulivuka kwa pantoni kutoka Busisi hadi Kigongo baada ya kusubiri foleni, tukapita katikati ya jiji, nikamwacha kwenye mlango wa abiria uwanjani Mwanza. Alinipungia mkono kama mtu anayekwenda harusini.

Ndege ilitua Kilimanjaro. Abiria wengi wakasimama, naye akasimama, akashuka. Alifanya vile nilivyomwagiza.

Wahudumu waliwahesabu abiria waliobaki wakaona amepungua mmoja. Jina likaitwa kwenye vipaza sauti, jina la kitambulisho, lile la ubatizo pamoja na la marehemu mumewe, kwa matamshi ya mjini. Mayu hakuwa ameitwa kwa jina hilo pengine tangu siku ya ndoa yake. Alikaa kwenye benchi nje akimtazamia mjukuu. Ndege ikaondoka. Baadaye mfanyakazi mmoja wa kike alimwona amekaa muda mrefu, akamsemesha, akaona karatasi ya pindoni, akanipigia. Wale watu wa Kilimanjaro nawashukuru hadi leo. Walimpa chai, wakampa pa kulala, wakampandisha ndege kesho yake bila kumtoza kitu.

Alifika Dar es Salaam mchana. Usiku uliotangulia mwanawe alikuwa amewekewa mashine ya kupumulia. Mjukuu alinisimulia kwamba jioni ile, kabla ya mashine, mgonjwa aliuliza zaidi ya mara moja kama mama amefika. Mayu aliketi kando yake siku nne. Hawakusemezana. Siku ya tano kijana alifariki dunia.

Kwa muda mrefu nilimlaumu wakala moyoni, lakini wakala hakusema uongo. Katika lugha ya biashara ya ndege, safari ya moja kwa moja ni ile yenye namba moja ya safari, ambayo abiria habadilishi ndege. Haimaanishi kwamba ndege haitatua. Inaweza kutua Kilimanjaro au Dodoma, ikashusha watu na kupakia wengine, na bado ikaitwa hivyo. Safari isiyotua kabisa ni jambo jingine, na Kiswahili chetu hakijaipatia jina lake la pekee. Kwa hiyo msiulize "moja kwa moja?" Ulizeni hivi: "Inatua popote njiani?" Mkishajibiwa, fanyeni hesabu wenyewe. Ndege ya jeti kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam hutumia takriban saa moja na nusu. Ile ya mapangaboi hukaribia saa mbili. Tiketi ikionyesha saa tatu, inapita mahali. Kwenye tovuti na programu za simu angalieni panapoandikwa idadi ya vituo, kisha bonyezeni mwone majina ya vituo hivyo.

Jambo la pili ni saa zenyewe. Tiketi huandikwa kwa saa za kizungu. Iliyoandikwa 06:00 ni saa 12 alfajiri, na 13:10 ni saa 7 na dakika 10 mchana. Nimeshuhudia baba mmoja mwenye akili zake timamu akifika uwanjani saa 6 mchana kwa ndege iliyoondoka alfajiri. Tena jina la kwenye tiketi lifanane na la kitambulisho, herufi kwa herufi, na msafiri mwenyewe akumbushwe kwamba huko ataitwa kwa jina hilo. Hili la mwisho hakuna wakala atakayewaambia.

Na anayesafiri akiwa mzee, mgonjwa, au asiyejua kusoma, semeni siku ya kukata tiketi kwamba anahitaji msaidizi. Mashirika ya ndege yana utaratibu wa kumpokea abiria wa namba hiyo mlangoni, kumfikisha kwenye kiti, na kumkabidhi kwa ndugu zake mwisho wa safari. Utaratibu huo ulikuwapo mwaka 2023. Sikuuliza.

Kuhusu viwanja, sisi wa ukanda huu bado tunategemea Mwanza. Wapo wanaokumbuka Novemba 2012, Fastjet ilipoanza kuruka kati ya Dar es Salaam na Mwanza kwa nauli iliyotangazwa kuanzia shilingi 32,000 kabla ya kodi; wakulima wa pamba walipanda ndege kwa mara ya kwanza. Mwaka 2018 ikatoweka, nauli zikapanda tena. Chato nako kuna uwanja wa Geita, ambako Air Tanzania ilianza safari Januari 2021, lakini tazameni kwanza ratiba ya wiki husika na kama ndege inapitia Mwanza, la sivyo mtasafiri kuelekea magharibi ili mrudishwe mashariki. Mgodi mkubwa wa Geita una kiwanja chake, na wafanyakazi wake huruka kutoka hapo hapo. Ndege hizo hupita juu ya paa la kanisa wakati mwingine katikati ya mahubiri. Waumini huinua macho kuzitazama, nami siwakemei.

Njia ya kwenda Mwanza imekuwa nyepesi. Daraja la J. P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 na ushee, lilifunguliwa Juni 19, 2025, na pale tulipokuwa tukisubiri pantoni huku tukitazama saa, sasa gari hupita kwa dakika chache. Hata hivyo uwanja uko upande wa pili wa jiji. Anayetoka Geita na anayetoka Shinyanga wote hukutana Usagara, kisha wanaingia katika msongamano wa Buhongwa na Mkuyuni. Wekeni saa moja ya ziada. Ndugu wa Shinyanga wasio na haraka wanaweza pia kupanda basi hadi Dodoma na kumalizia kwa treni ya umeme, iliyoanza kufika huko Julai 2024. Treni hiyo nayo husimama njiani, lakini vituo hutangazwa.

Mayu alirudi kwa barabara, ndani ya gari lililoleta jeneza. Baada ya matanga nilikwenda nyumbani kwake peke yangu. Nilimweleza yote kama nilivyoyaeleza hapa: kwamba karatasi ilionyesha saa, kwamba sikuzihesabu, kwamba yeye hakukosea kitu. Nikamwomba anisamehe. Alisikiliza akiendelea kupepeta mtama. Kisha akaniuliza kama kile kiwanja alichoshukia kilikuwa mbali na Dar es Salaam. Nikamwambia ni mbali sana, ni safari ya basi ya kutwa nzima.

"Basi, Baba," akasema, "hata ningejua, nisingeweza kutembea."