Jina Peke Yake Halitoshi

Ninyi wadogo zetu mtakaobaki,

Sisi finalisti wa mwaka huu tuliopewa kazi ya kusimamia wenzetu, tunachunga pia kompyuta za masomo. Mbele hatujaondoka, tunataka kuwaachia neno juu ya kazi ile: namna ya kupeleka faili toka mashini moja mpaka ingine, bila kurudilia zile zilizokwisha kufika.

Kila mtu wa Bukavu anajua umeme wetu. Leo uko Ibanda, Kadutu hakuna. Kesho ni kinyume. Saa moja ya umeme ni mali. Kama mashini ya kwanza iko na faili 1 000 za maulizo ya miaka iliyopita, na ya pili iko na 950 kati ya zile zile, kwa nini kubeba zote? Tubebe 50 tu. Mama aliyekwisha kufikisha magunia mawili sokoni hayarudishi nyumbani ili ayabebe tena pamoja na la tatu.

Mpaka hapa wote wanakubali. Lakini mashini inajuaje kama faili imekwisha kufika? Wengi wanaiacha itazame jina tu: jina likifanana, inaruka. Siye tuliona matunda yake. Siku moja umeme ulikatika katikati ya kazi. Faili moja ya hesabu ilikuwa imefika nusu, lakini jina lake lilikuwa zima. Umeme uliporudi kazi ikaendelea. Mashini ikaona jina, ikairuka. Kisha flashi ikafutwa. Zikapita wiki tatu. Jioni ya kurudilia masomo, wenzetu wanaifungua: inakataa! Maulizo yale hatukuyapata tena, na mtihani wa Taifa haukutungojea.

Kwa hiyo tazameni mambo matatu: jina, ukubwa na tarehe. Jina ni sawa lakini ukubwa si sawa? Msiruke, fungueni kwanza muone. Tarehe nayo inaweza kudanganya. Mashini ya zamani ambayo betri yake ndogo ya saa imekufa, kila inapozimwa inarudi nyuma miaka mingi. Faili iliyoandikwa leo inaonekana ya kale, na ukiamuru mpya ifunike ya zamani, kazi ya leo inafunikwa na ya juzi.

Kuna programu zinazolinganisha zenyewe. Katika Windows, tangu Vista, iko Robocopy: inaruka faili ambazo ukubwa na tarehe ni sawa. Katika Linux iko rsync, ambayo Andrew Tridgell na Paul Mackerras waliitoa mwaka 1996 kule Australia. Nayo kwa kawaida inatazama ukubwa na tarehe. Uzuri wake ni huu: faili inayofika inaandikwa kwanza kwa jina la muda, ikimalizika, njo inapewa jina lake la kweli. Umeme ukikatika, nusu haijifanyi nzima. Ukiongeza neno --checksum, inasoma yaliyomo ndani ya faili zote mbili; inakwenda pole pole, lakini kwa hakika zaidi. Neno --ignore-existing mliogope kidogo: lile linatazama jina tu, nalo ndilo tulilolilia sisi.

Tena flashi isichomolewe kwa haraka. Haraka haraka haina baraka. Mashini iseme kwanza kwamba imemaliza.

Tumeacha daftari juu ya meza ya kompyuta. Kila anayepeleka faili aandike tarehe, hesabu ya faili zilizokuwa kule zinakotoka, na hesabu ya zile zilizoko sasa kule zinakokwenda. Hesabu zikiachana, tafuteni sababu. Zikilingana, fungueni bado tatu au ine kwa macho yenu. Hapo tu njo flashi ifutwe. Ni kazi ya dakika kumi, na mdogo wenu atakayerudilia hesabu mwaka kesho atakuta kurasa zote.

Kazi njema.