Barua kutoka Bochum: Hiyo Noah Haina Mkosi

Ndugu zangu wa Tarime na Serengeti, nawaandikia kutoka Bochum, magharibi mwa Ujerumani. Nimeishika kalamu nikiwa na hasira, mtanivumilia.

Mpwa wangu anaendesha Noah ya abiria kati ya Tarime mjini na Nyamongo. Usiku wa juzi alinitumia ujumbe wa sauti: "Shikamoo mjomba. Rejeta imekufa tena. Sasa nilikuwa naomba..." Mnajua ombi la namna hiyo linakoishia. Rejeta yenyewe ni mpya, pesa yake ilitoka mfukoni mwangu. Nikampigia simu nikamhoji kama trafiki wa pale Daraja la Kirumi, na kila alilojibu likaibua jingine.

Gari lilikuwa likisugua chini wakati wa mvua, kwa hiyo yeye na rafiki yake wakaliinua wenyewe. Walichonga vipande vya chuma, wakavipachika juu ya springi, kisha wakafunga matairi makubwa. Likapendeza, vijana wa stendi wakalisifia. Haukupita muda usukani ukaanza kuvuta upande, matairi ya mbele yakaliwa kwa ndani, na mpira unaofunika joint ya draivshafti ukachanika. Vumbi likaingia, na sasa akikata kona anasikia ka-ka-ka. Mlimani injini ikaanza kuchemka. Fundi akamwambia nchi za joto hazihitaji themostati, akaing'oa. Ikachemka zaidi. Wakabadilisha rejeta. Bado. Feni ikaungwa moja kwa moja kwenye betri, fyuzi ikaungua, mahali pa fyuzi pakawekwa waya mtupu, na waya nao ukaanza kuyeyusha plastiki chini ya dashibodi. "Mjomba," akaniambia, "mama anasema hili gari lina mkosi, tuliuze."

Dada yangu, nakupenda, lakini Noah haina mkosi. Imefanyiwa mambo mengi ambayo hakuna aliyeyaandika.

Ngoja niwaeleze ya huku. Gari la mtu binafsi hukaguliwa kila baada ya miaka 2, na likiwa jipya kabisa ukaguzi wa kwanza husubiri miaka 3. Wakaguzi ni taasisi kama TÜV na DEKRA. Gari likifaulu hubandikwa stika ya duara kwenye namba ya nyuma, na rangi yake hubadilika mwaka hadi mwaka, hivyo polisi akiwa mbali tayari anajua kama muda wako umekwisha. Likifeli, unapewa mwezi mmoja ulitengeneze na kulirudisha. Hilo mtu wa kwetu analielewa. Linalowashangaza wageni ni habari ya kubadilisha gari. Kanuni zao za magari, kifungu cha 19, zinasema kwamba ukifanya badiliko linaloweza kuhatarisha watu barabarani, au likazidisha moshi au kelele za gari, kibali cha gari hilo kinakufa. Unaweza ukawa umelipa kila kitu na gari linawaka vizuri, lakini kisheria huruhusiwi kulitia barabarani mpaka mkaguzi alithibitishe.

Nina jirani mzee aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha Opel cha hapa Bochum mpaka kilipofungwa Desemba 2014. Mikono yake inalijua gari hata gizani. Majuzi alitaka kubadilisha springi za gari la mwanawe. Huku zipo gereji unazokodi kwa saa: unapewa lifti na spana, kazi unafanya mwenyewe. Tukaenda wote. Kabla hajagusa nati alipiga picha kila pembe, akapima urefu kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, pande zote nne, akaandika. Springi mpya zilikuwa na namba iliyogongwa kwenye chuma, na zilikuja na karatasi inayotaja zinaruhusiwa kwenye gari la aina gani na rimu za ukubwa gani. Alipomaliza akaenda kupima alaimenti, kisha kwa mkaguzi. Mkaguzi akainama na tochi, akasoma namba kwenye chuma, akailinganisha na karatasi. Mzee wa watu, fundi wa maisha yake yote, alisimama pembeni akisubiri kama mwanafunzi wa mtihani, na hakuona kwamba amedharauliwa.

Sasa msiniambie hiyo ni serikali ya matajiri. Mwaka 1865 boila la kiwanda kimoja cha bia lililipuka mjini Mannheim. Mwaka uliofuata, 1866, wenye maboila wa eneo lile walianzisha wenyewe chama cha kukagua maboila yao, na kutoka vyama vya namna hiyo ndiyo TÜV ya leo imezaliwa. Ukaguzi wa lazima wa magari ulikuja 1951, stika ikafuata 1961. Walioanza walikuwa wenye mitambo wenyewe, si serikali.

Kwetu badiliko la gari linakaa mdomoni mwa fundi. Na fundi anahama. Leo yuko Tarime, kesho kasikia Nyamongo kuna pesa ya mgodi, keshokutwa yuko Sirari anatengeneza malori. Gari linabaki na siri zake. Fundi wa pili anatibu ugonjwa uliosababishwa na dawa ya fundi wa kwanza, na wa tatu anatibu dawa ya wa pili. Mwenye gari naye, ukimuuliza nini kilibadilishwa, anakwambia "kuna kitu walitoa". Kitu gani, mura? Umelipia kazi, umetoa hesabu ya wiki nzima, hukuuliza walichotoa?

Wala msidhani nawadharau mafundi wetu. Nendeni lango la Ikoma mtazame Land Cruiser zinazoingiza watalii Serengeti. Zimekatwa paa, zimewekewa paa la kunyanyuka, nyingine zimerefushwa chesisi, na kazi hiyo imefanywa na mikono ya Watanzania, Arusha. Zinapiga njia za mbugani mwaka baada ya mwaka. Mikono tunayo. Tunachokikosa ni kupima kabla, kupima baada, na kuandika.

Sasa hiyo themostati, maana imenikera kuliko vyote. Injini ikiwa baridi, maji huzunguka njia fupi ndani ya injini ili ipate joto upesi. Yakifika nyuzi 80 hadi 84 kwa injini nyingi za Toyota, themostati huanza kufunguka na maji yanapita kwenye rejeta. Wengi hawajui kwamba kwenye nyingi ya injini hizo, sahani ya chini ya themostati hiyohiyo huwa inaziba ile njia fupi. Ukiing'oa, njia zote mbili zinabaki wazi, na maji mengi yanarudi kwenye injini bila kuionja rejeta. Kwenye tambarare hutaona tatizo. Ukipakia abiria na mizigo ukaanza kupanda, joto linakushinda. Vitabu vya matengenezo vya Toyota vyenyewe vinaonya: hata injini ikipenda kuchemka, usiitoe themostati, kwa sababu upozaji unapungua. Asubuhi za Tarime zenye baridi nazo zina gharama yake. Injini inachelewa kupata joto, kompyuta inaendelea kumwaga mafuta kana kwamba gari ndiyo kwanza limewashwa, na mpwa wangu analalamika Noah inakula petroli.

Kuinua gari nako kuna madeni. Draivshafti inakaa kwa pembe kali kuliko ilivyokusudiwa, mpira unakunjika na kuchanika. Magurudumu yanainama, ndiyo maana tairi linaliwa upande mmoja. Mipira ya breki inavutika gurudumu linaposhuka shimoni. Matairi yakizidi mzunguko kwa asilimia 10, saa ya mwendo ikisoma 80 wewe uko 88, ukidhani unaendesha kistaarabu. Na wenye Hilux na Hiace za zamani sikilizeni vizuri: nyingi zina kifaa nyuma kilichofungwa kwa fimbo kwenye ekseli, kinachopima mzigo kwa umbali kati ya bodi na ekseli. Ukiinua gari bila kurekebisha fimbo hiyo, kifaa kinaamini gari ni tupu, kinapunguza nguvu ya breki za nyuma. Umebeba magunia ya mahindi, unateremka kuelekea Mto Mara kwenye njia ya Mugumu, na breki za nyuma zinafanya kazi nusu. Hapo mtu hulaumu mteremko.

Taa nazo! Balbu za LED mnazochomeka kwenye taa zilizotengenezwa kwa balbu za kawaida zinatawanya mwanga ovyo na kumpofusha anayekuja. Huku zilikatazwa barabarani mpaka 2020, na hata baada ya hapo zinaruhusiwa kwa balbu na aina za magari zilizoorodheshwa tu.

Basi, kwa yeyote ambaye gari lake lilianza visa baada ya kubadilishwa, fanyeni hivi. Kwanza acheni kununua spea. Orodhesheni kila kilichobadilishwa kwa mpangilio wa tarehe, halafu mjiulize tatizo lilianza baada ya lipi. Rudisheni kitu kimoja kimoja jinsi kilivyotoka kiwandani, na baada ya kila kimoja gari litembezwe njia ileile, na mzigo uleule. Mkibadilisha vitu vitatu kwa mpigo hamtajua kilichoponya. Waya ulio mahali pa fyuzi utolewe leo, si kesho, na feni irudi kwenye rilei yake. Themostati mpya ipimeni kabla ya kuifunga: iwekeni kwenye sufuria ya maji jikoni, mchochee moto. Juu ya miinuko ya Tarime maji huchemka kwenye nyuzi kama 95, kwa hiyo isipofunguka kabla hayajatokota, irudisheni dukani. Mkiifunga, toeni hewa kwenye mfumo kwa utulivu, kisha muangalie kifuniko cha rejeta, kwa kuwa ndicho kinachoshika mgandamizo usioruhusu maji kuchemka mapema. Kikilegea, rejeta mpya haitasaidia kitu. Anayetaka gari la juu anunue springi na shokapu zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, akapime alaimenti siku hiyohiyo, na akague mipira ya breki usukani ukiwa umekatwa mpaka mwisho, kulia na kushoto. Na kifaa kilichotolewa ni mali yako. Kidai, kifunge kwenye mfuko, kiandike jina.

Mtasema trafiki hawaulizi hayo, wao wanataka leseni, bima na stika. Ni kweli, na wala sitaki tuwasubiri. Abiria wa Noah hajui kama chini ya kiti chake kuna chuma kilichochongwa juzi. Ni mama wa Nyamwaga anayepeleka ndizi sokoni, ni mtoto anayerudishwa shule. Amekuamini kwa nauli yake.

Mafundi wa Tarime, Sirari, Nyamongo na Mugumu, hamko wengi kiasi cha kutojuana. Kaeni jioni moja mkubaliane juu ya daftari dogo la kukaa ndani ya kila gari la abiria, lenye safu tano: tarehe, kilomita, kilichotolewa, kilichowekwa, jina na simu ya fundi. Gari likija bila daftari, lifunguliwe palepale kabla ya boneti, na kurasa za mwanzo zijazwe kila kitu kinachoonekana si cha kiwandani. Dereva akikataa, mwambieni akatafute gereji nyingine, na gereji hiyo nyingine nayo iwe imekubaliana nanyi.