Maua Yaotayo Katika Nyufa

Katika nyumba nyingi ua ni kitu cha kupandwa mbele ya mlango, penye udongo mweusi na maji karibu. Mmea uotao juu ya jiwe huhesabiwa kuwa gugu, na siku ya usafi hung'olewa pamoja na takataka nyingine. Hata hivyo, wako watu waishio mahali ambapo jiwe ni jingi kuliko udongo, nao wamejifunza kuutazama mmea huo kwa jicho jingine. Miongoni mwao ni baadhi ya wakazi wa Gikondo, mjini Kigali.

Gikondo imo katika Wilaya ya Kicukiro. Chini yake liko bonde la majimaji ambalo kwa miaka mingi lilijaa viwanda na maghala. Katika miaka ya 2010 viwanda hivyo vilihamishwa kidogo kidogo, vingine vikaenda Masoro, na mwaka 2024 ilianza kazi ya kulifufua bonde hilo pamoja na mabonde mengine manne ya mji. Juu ya bonde ipo miteremko iliyojengwa nyumba kama ngazi, moja begani mwa nyingine. Kiwanja cha nyumba hukatwa mlimani, na nyuma yake hujengwa ukuta wa mawe wa kuzuia udongo usiporomoke. Hivyo mama wa nyumba afunguapo dirisha la nyuma, aghalabu haoni bustani bali mawe. Na katika nyufa za mawe hayo, pengine bila kupandwa na mtu, huota majani manene yaliyojaa maji, ambayo majira yake yakifika huchanua.

Wataalamu wa mimea wameikusanya mimea ya namna hiyo katika ukoo mmoja mkubwa, wakauita kwa jina la mmea mashuhuri wa nchi za baridi, yaani saksifraga. Neno hilo ni la Kilatini, na maana yake ni kivunja jiwe. Wako wasemao kwamba mmea uliitwa hivyo kwa sababu huonekana kana kwamba umeupasua mwamba ili utokeze. Wengine husema ni kwa sababu waganga wa kale wa Ulaya waliutumia kutibu vijiwe vya kibofu. Ukweli ni kwamba saksifraga haina nguvu za kupasua mwamba. Kazi hiyo hufanywa na jua, baridi na maji. Mmea hufika baadaye, hukuta ufa uliokwisha kuwapo, nao hukaa humo na kuridhika na vumbi kidogo na unyevu kidogo.

Ziko aina zaidi ya 400 za saksifraga, na nyingi huota katika milima ya Ulaya, Asia na Amerika ya Kaskazini. Barani Afrika hupatikana katika milima ya Afrika ya Kaskazini na ya Ethiopia. Aina moja yenye maua ya zambarau imeonekana huko Uswisi karibu na kilele cha mlima Dom, kwenye kimo cha mita zipatazo 4,505. Mwananchi wa Rwanda ataufahamu ugumu wa maisha ya hapo akikumbuka kwamba Karisimbi, mlima mrefu kupita yote nchini, una mita 4,507.

Saksifraga yenyewe si mwenyeji wa Rwanda, lakini jamaa zake wapo katika eneo hili la Afrika. Katika milima ya Rwenzori huota sedumu, mmea mdogo wenye vijani vinene kama punje. Kilimanjaro iko sedumu nyingine, ambayo jina lake la kitaalamu ni ukumbusho wa Hans Meyer, Mjerumani aliyefika kilele cha mlima huo mwaka 1889. Katika vilima vya chini, penye joto zaidi, jamaa aonekanaye mara nyingi ni kalankoe. Ziko kalankoe za asili ya huku, na iko ile iliyotoka Madagaska ikaenea katika nchi zote za joto, ambayo jani lake likianguka chini hutoa vichipukizi pembeni mwake, na kila kichipukizi huwa mmea kamili.

Familia ya askari ina sababu ya kuipenda mimea hii, kwani desturi yake inafanana na lindo la usiku. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani yake mchana ili ivute hewa, na wakati huohuo maji yake hupotea kwa jua. Mmea wa mwambani hauwezi kuyapoteza maji hovyo namna hiyo. Kwa hiyo mchana hufunga milango yake, na usiku, wengine walalapo, huifungua, ukavuta hewa na kuihifadhi ndani ya jani kwa namna ya asidi. Kukicha hufunga tena, na mchana kutwa huitumia akiba ile kujitengenezea chakula kwa nguvu ya jua. Benjamin Heyne, aliyekuwa akifanya kazi India, aliandika juu ya jambo hili mapema katika karne ya 19, baada ya kuonja majani ya kalankoe ya Madagaska. Aligundua kwamba asubuhi jani ni chachu, na kadiri siku inavyoendelea uchachu wake hupungua. Aliyewahi kushika zamu ya usiku na kulala mchana hahitaji kuelezwa zaidi.

Yupo mama mmoja wa Gikondo, mke wa polisi, ambaye mmea huu umefuatana naye katika uhamisho wote wa mumewe. Alianza nao Musanze, akaenda nao Rwamagana, kisha Kigali. Kila walipohama, gari lilijaa vitanda, sufuria na magunia, wala hapakuwa na nafasi ya vyungu vya maua. Kwa hiyo alichuma jani moja la kalankoe, akalitia baina ya kurasa za daftari lake la matumizi ya nyumba, na huko waendako akalilaza juu ya udongo kidogo. Baada ya majuma machache jani lilikuwa limezaa. Hakujua kwamba Goethe, mwandishi mkuu wa Wajerumani, alifanya vivyo hivyo karne mbili zilizopita, akiwapelekea rafiki zake majani ya mmea uleule. Yeye alijua tu kwamba mke wa askari hubeba kilicho chepesi.

Huko Gikondo waliishi katika nyumba ya kupanga, na nyuma yake ulikuwapo ukuta wa mawe uliopita kimo cha mtu. Mama huyo alipachika majani yake katika nyufa za ukuta ule, safu moja iliyonyooka, kwa kimo cha mkono wa mtoto. Mumewe alikuwa ameondoka kwenda kulinda amani katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, na watoto walipomwulizia baba, mama aliwapa kazi ya kuhesabu vichipukizi. Jirani mmoja alimshauri ang'oe magugu yale apige saruji ukuta wote, upate kupendeza kama wake. Mama alimjibu kwa upole kwamba saruji ina bei, lakini jani halina.

Ikafika masika. Katika mteremko kama ule mvua si jambo la kufanyia mzaha. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mafuriko na maporomoko ya udongo yaliua watu zaidi ya 130 katika Majimbo ya Magharibi na Kaskazini ya Rwanda, na tangu siku ile wengi wa waishio chini ya kingo za udongo hulala sikio moja likiwa wazi. Asubuhi moja, mvua ikiwa imenyesha siku tatu mfululizo, mtoto wa pili alirudi jikoni akasema, "Mama, maua yamepinda."

Mama alitoka kwenda kutazama. Safu yake haikuwa imenyooka tena. Upande wa kushoto mimea ilikuwa mahali pake, lakini upande wa kulia ilikuwa imesogea mbele kiasi cha upana wa vidole viwili, na baina ya pande hizo ufa uliokuwa mwembamba kama uzi ulikuwa unaingia kiganja. Maji yaliyotoka humo yalikuwa na rangi ya matope. Hakungoja. Alimwita mzee mmoja fundi wa mawe aliyekaa njia ya juu, naye akaja, akagonga ukuta kwa nyundo, akasikiliza.

"Mama, nani amekwambia uutazame ukuta huu leo?" akauliza.

"Ni mtoto, Mzee. Huhesabu maua."

"Basi msilale hapa usiku wa leo."

Mama alichukua watoto, vyeti vya familia, mablanketi na chakula, akaenda kwa wenyeji wa kanisani kwake. Alitoa taarifa kwa kiongozi wa mtaa, na nyumba mbili za chini zikahamishwa pia. Usiku ule kipande cha kulia cha ukuta kilianguka, kikavunja dirisha la nyuma na kukifunika kitanda cha watoto kwa mawe na tope. Hakuna aliyeumia. Mumewe alipopiga simu kesho yake, kwanza alisikia habari za watoto wote, mmoja baada ya mwingine, na ndipo akaambiwa habari za ukuta.

Ni lazima jambo hili lielezwe sawasawa, watu wasije wakadanganyika. Maua hayakuuzuia ukuta. Mizizi ya kalankoe ni mifupi, nayo haiwezi kuushika mlima. Kilichowaokoa watoto wale ni kwamba palikuwapo sababu ya kuutazama ukuta kila siku. Mtu hatazami jiwe tupu, hulipita. Lakini akiwa na kitu chake hai juu ya jiwe hilo atalitembelea asubuhi na jioni, na siku litakapobadilika atajua. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini kabla ya kuuziba ufa hapana budi kwanza uonekane.

Wenye nyumba katika miteremko yafaa wayaangalie mambo machache. Kwanza, ukuta wa mawe uwe na matundu ya kutolea maji, na matundu hayo yasizibwe kwa saruji wala kwa mimea. Maji yaliyofungiwa nyuma ya ukuta ndiyo yausukumayo. Pili, mmea upandwe kwa safu iliyonyooka, ili ukuta ukisogea safu iseme. Tatu, miti yenye mizizi minene isiachwe ikue ndani ya ukuta, kwa maana hiyo hupanua nyufa. Kazi ya kuushika udongo waachiwe wenye uwezo, yaani nyasi za mizizi mirefu, miti iliyopandwa mbali na ukuta, na mitaro ya kukinga mmomonyoko ambayo Wanyarwanda huiita imirwanyasuri na ambayo huchimbwa katika umuganda. Nne, ufa ukipanuka, maji yakitoka na matope, au mlango ukianza kukwama bila sababu, familia iondoke kwanza na kuuliza baadaye.

Upandaji wenyewe hauna gharama. Jani zima, lisilochanika, hulazwa penye ufa wenye udongo uliochanganywa na mchanga, hunyunyiziwa maji kidogo, kisha huachwa. Maji mengi huliozesha. Lakini akina mama wakumbuke jambo moja. Kalankoe ina sumu inayodhuru moyo, na mifugo iliyokula mimea hii imekufa katika nchi mbalimbali. Kwa hiyo mmea usikatwe na kutupwa zizini, mbuzi wasifungwe karibu nao, na watoto wakanywe wasiutafune. Wako watu watumiao majani yake kwa dawa za kienyeji. Mwenye maradhi afadhali aende kituo cha afya.

Ukuta wa nyumba ile ulijengwa upya mwezi uliofuata. Mwenye nyumba alitoa mawe na saruji, majirani wakatoa mikono, na jirani yule aliyeshauri saruji alikuja na toroli lake. Mzee fundi alisimamia matundu ya maji, akahesabu mwenyewe kama yametosha. Mawe ya zamani yalipokusanywa chini ya vifusi, majani kadhaa ya kalankoe yalionekana yamekwisha kutoa vichipukizi pale yalipoangukia. Watoto waliyaokota wakayatia katika kopo la maziwa. Saruji ilipokauka, mama alifunga uzi kutoka pembe hadi pembe ya ukuta, akaufuata uzi huo akipachika jani baada ya jani. Safu ya pili alimwachia mtoto wa pili, aipande kwa kimo chake mwenyewe.