Ndoana ya Kwanza ya Mtoto: Tununue Nini?



Sisi tunaoishi Ruziba, kusini mwa Bujumbura, watoto wetu wanaliona Ziwa Tanganyika kila siku. Shule zikifungwa ombi lao ni moja tu: twende tukavue. Likizo iliyopita tulikubali, ila tulikaa kwanza kama familia tukaamua ni vitu gani vinunuliwe na ni vipi visiingie nyumbani.

Kwanza tuwajue samaki. Ndagala huvuliwa mbali na ufukwe, usiku, kwa taa zinazowavuta. Mukeke naye huwafuata ndagala kwa kuwa ndio chakula chake. Hiyo ni kazi ya wavuvi wenye mitumbwi. Mtoto aliye ufukweni atapata tilapia na samaki wadogo wa kwenye mawe, ambao midomo yao ni midogo. Kwa hiyo vifaa viwe vyepesi:

1. Mshipi: uzi wa nailoni mwembamba, kama milimita 0.25. Uzi mnene samaki huushtukia.

2. Ndoana: namba 10 au 12. Wengi hudhani namba kubwa ni ndoana kubwa, kumbe ya 12 ni ndogo kuliko ya 6. Kile kijino kinachozuia ndoana kutoka tulikibana kwa koleo, ili ikimchoma mtoto itoke upesi.

3. Ufito: mwanzi mkavu wa mita mbili au tatu unatosha.

4. Boya: kipande cha kandambili kuukuu.

5. Uzito: wengi hutumia risasi, na watoto huibana kwa meno. Risasi ni sumu. Sisi tulifunga nati ndogo ya chuma.

6. Chambo: nyungunyungu wa bustanini au donge la ugali.

Kilicholeta mjadala nyumbani ni chandarua. Kijana wetu mkubwa alitaka tushone cha zamani kiwe wavu, kwa kuwa kinazoa samaki wengi kwa mara moja. Ni kweli kinazoa, lakini kinazoa mpaka vifaranga, na dawa iliyotiwa kwenye vyandarua ni sumu kwa samaki. Mama yake akamwuliza: "Mwanangu, mwakani utavua nini?" Akanyamaza, kisha akaenda kukata mwanzi.

Ziwa hili ni la nchi nne: Burundi, Tanzania, Kongo na Zambia. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi upande wake tangu 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wazaliane. Basi kabla ya kutupa ndoana, ulizeni ufukweni kama uvuvi umeruhusiwa.

La mwisho ni usalama. Ziwa lina mamba, na viboko hutoka majini jioni kula majani. Mtoto asiende peake bila mtu mzima, asiingie majini, na wote wawe nyumbani kabla ya Magharibi.

Samaki hahitaji kuchinjwa, lakini tusimwache ateseke mchangani. Auawe haraka, na mdogo sana arudishwe majini. Siku ya kwanza tulipata watatu tu, hawakutosha mboga ya watu saba. Hata hivyo watoto wamejifunza kungoja, na kuchukua kwa kiasi.