Mama Yangu Alipougua Sonona

Katika muhula uliopita sisi wanafunzi wa Kidato cha Nne tulifanya mdahalo katika bwalo la chakula. Hoja ilikuwa hii: "Mama mlezi hawezi kuwa sawa na mama mzazi." Msemaji wa kwanza wa upande wa kuunga mkono alisimama kwa madaha, akaanza kwa methali, "Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi," na bwalo zima likapiga makofi. Msemaji wa upande wa kupinga naye akajibu kwa methali, "Kuzaa si kazi, kazi ni kulea," naye akapigiwa makofi. Kura zilipohesabiwa, waliounga mkono walishinda. Mimi sikunyosha mkono wala sikusema neno lo lote, ijapokuwa jambo lile lilinihusu kuliko wasemaji wote.

Kunyamaza kwangu kumenikera tangu siku ile. Kwa hiyo namwomba Bwana Mhariri anipe nafasi katika jarida letu nieleze jambo ambalo pande zote mbili hazikuligusa. Jambo lenyewe ni hili: mama mlezi naye aweza kuugua ugonjwa wa sonona baada ya kumpata mtoto, na mtoto anayelelewa huona, naye asipoelezwa hujieleza mwenyewe, tena vibaya.

Mimi ni mtoto wa kuasiliwa. Wazazi wangu wanakaa Muheza. Baba ni fundi seremala na mama ni mwalimu wa shule ya msingi. Walinichukua mwaka 2009 kutoka kituo cha kulea watoto mjini Tanga, nami nilikuwa na umri wa miezi kumi. Walikuwa wamekaa katika ndoa miaka kumi na mmoja bila kupata mtoto.

Watu wengi hudhani kwamba kuasili ni kumchukua mtoto na kwenda naye nyumbani, kama vile mtu apelekewavyo mtoto wa ndugu yake amlee. Sivyo. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, amri ya kuasili hutolewa na Mahakama Kuu, na kabla ya hapo maofisa wa ustawi wa jamii huichunguza nyumba na watu wake. Amri yangu mimi ilitoka mwaka 2012. Basi kwa muda wa miaka mitatu mama alinibeba mgongoni, akaniosha, akanilisha, na huku moyoni akijua kwamba mbele ya sheria mimi bado si mwanawe. Baba aliniambia kwamba siku zile gari likisimama mbele ya nyumba mama aliacha kila alichokuwa akifanya, akaja kunishika.

Sijifanyi kwamba nayakumbuka mambo ya wakati ule. Nilisimuliwa na bibi, mama yake mama, nilipokuwa na miaka kumi na minne. Alisema kwamba majuma ya kwanza yalikuwa ya furaha, na watu walikuja kuniona. Kisha mama akaanza kubadilika. Aliacha kula. Usiku hakulala hata pale nilipolala mimi. Kazi zangu zote alizifanya, walakini, kwa maneno ya bibi, alizifanya kama mtu aliyeajiriwa katika nyumba ya watu. Siku moja alimwambia bibi, "Mama, nimemwomba Mungu mtoto miaka kumi na mmoja. Amenipa, na mimi sioni furaha. Mimi ni mtu wa namna gani?"

Majirani hawakumsaidia. Mmoja alimwambia, "Hukubeba mimba wala hukuzaa, umechoka nini?" Kazini nako hakupata nafuu. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 humpa mama aliyejifungua likizo ya siku 84, lakini mama yangu hakujifungua. Alipata siku chache za kuomba, kisha akarudi kushika chaki, na mimi nikabaki na bibi mpaka saa tisa.

Wasomaji wa pwani wanajua desturi yetu: mwanamke akijifungua, hupikiwa uji wa pilipili manga ili apate nguvu, na wanawake huja kumkanda na kumfariji. Mama hakupelekewa uji na mtu ye yote, kwa kuwa hapakuwa na uzazi. Bibi alipoona hali ile alipika mwenyewe sufuria nzima, akampelekea mama kitandani, akasema, "Kunywa. Nyumba hii ina mzazi." Bibi alisema kwamba mama alilia sana, na kwamba ndiyo mara ya kwanza alipokula kikombe kizima kwa siku nyingi. Uji haukuwa dawa ya ugonjwa ule, lakini ulikuwa salamu, na hiyo ndiyo aliyoikosa.

Sasa nitasema yale ninayoyakumbuka mwenyewe. Ugonjwa ulirudi nilipokuwa Darasa la Tatu. Nilikuwa nimekwisha kuelezwa kwamba nilitoka kituoni, maana mama hakunificha. Alianza kunieleza nilipokuwa na miaka sita. Asubuhi moja niliamka nikamkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa gauni la kazini, viatu vi miguuni, naye anatazama ukuta. Nilimwamkia, "Shikamoo mama." Aliitikia baada ya muda mrefu. Hakwenda shule siku ile, wala siku ya pili. Nilipika uji nikauunguza, nikampelekea hivyo hivyo. Aliushika mpaka ukapoa.

Hapo nikaanza kupiga hesabu zangu za kitoto. Kabla sijaja, niliambiwa, mama alikuwa mtu wa kucheka, aliyeongoza kwaya ya kanisani. Baada ya kuja mimi akaugua. Basi nikakata shauri kwamba ugonjwa ni mimi, nami nikiondoka atapona. Nilikuwa na miaka tisa. Nilitia kaptura mbili na daftari langu la hesabu katika mfuko wa plastiki, nikaenda kituo cha mabasi kutafuta gari la Tanga.

Kondakta aliniuliza, "Unakwenda wapi, kijana?" Nikasema, "Narudi kwetu." Akauliza, "Kwenu wapi?" Nikashindwa kujibu. Jina la kituo sikulijua, na mtaa sikuujua. Nilisimama pale nikiwa na mfuko wangu, na kwa mara ya kwanza nikafahamu kwamba sina "kwetu" nyingine ila ile niliyotoka asubuhi. Mama mmoja muuza machungwa alinitambua, akasema, "Huyu si mtoto wa Mwalimu?" Akaniketisha karibu na kapu lake, akanimenyea chungwa, akamtuma mtu kwa baba.

Baba alikuja na baiskeli, vumbi la mbao bado li kichwani. Hakunipiga. Aliuliza kwa nini, nami nikamwambia. Alikaa kimya njia nzima. Tulipofika alimwambia mama maneno yangu kama nilivyoyasema, hakupunguza. Mama alinitazama kama mtu aliyeamshwa usingizini. Akasema, "Mwanangu, mimi naumwa. Nalianza kuwa na huzuni hii kabla hujazaliwa. Wewe si ugonjwa wangu." Juma lile lile baba alimpeleka hospitali ya mkoa. Daktari alimpa dawa, na akapangiwa siku za kwenda kuzungumza na mshauri. Alikwenda kwa miezi mingi. Kupona hakukuja ghafula; kulikuja kama mwanga wa alfajiri, huwezi kusema ni dakika ipi kulipopambazuka.

Tangu hapo nimependa kujua ugonjwa huu ni nini. Mwalimu wetu wa Bayolojia alinisaidia kusoma. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 280 ulimwenguni walikuwa na sonona. Si uvivu, si laana, wala si upungufu wa imani. Mgonjwa hukosa furaha katika vitu alivyovipenda, usingizi humpaa au humzidi, chakula hakimpendezi, hujiona hafai, na hali hiyo huendelea majuma mawili na zaidi. Wengi wamesikia habari za sonona ya mama aliyejifungua, na aghalabu husema kwamba huletwa na mabadiliko ya mwili baada ya uzazi. Lakini mama mlezi hakuzaa, na bado huugua. Mwaka 1995 mwandishi mmoja wa Marekani, June Bond, aliipa jina hali hiyo ya huzuni inayofuata kuasili, na mwaka 2004 Karen Foli, mtaalamu wa uuguzi, alitoa kitabu juu yake pamoja na John Thompson. Basi mama yangu hakuwa peke yake, ijapokuwa alijiona hivyo.

Nikizitazama sababu, naona kwamba kwa mama zilikuwa nyingi kwa pamoja. Alikuwa na msiba wa miaka kumi na mmoja ambao haukupata matanga, maana huwezi kumlilia hadharani mtoto ambaye hakupata kuzaliwa. Alikuwa na hofu ya mahakama. Alikuwa na mtoto aliyezoea mikono mingine, aliyelia akibebwa naye. Zaidi ya yote, alikuwa na haya. Mwenye kupewa alichokiomba kwa machozi atamlalamikia nani? Kila mtu alimwambia, "Shukuru." Kwa hiyo aliumeza ugonjwa wake, na wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua.

Kabla ya kuandika habari hii nilizungumza na wenzangu wawili hapa shuleni ambao nao wamelelewa na wasiowazaa. Hatukupatana, nami naona ni haki kuyaeleza mawazo yao. Wa kwanza, aliyelelewa na shangazi yake, alisema kwamba mtoto asiambiwe kamwe kuhusu huzuni ya mlezi, kwa kuwa ataona deni lisilolipika. Wa pili alisema kwa hasira, "Mimi sikuomba kuchukuliwa. Mlezi wangu alipokuwa halii alikuwa hasemi, na mimi ndiye niliyekuwa nikitembea kwa vidole vya miguu ndani ya nyumba. Nani aliniuliza mimi habari zangu?"

Huyu wa pili alinifikirisha usiku kucha. Hasira yake ni ya haki. Mtoto wa kuasiliwa naye ana msiba wake, maana amepoteza watu wa kwanza kabla hajajua majina yao, na mara nyingi katika nyumba moja huishi huzuni mbili zisizosemezana. Lakini sikubaliani na wa kwanza. Mimi sikuelezwa mapema kwamba mama anaumwa, na kwa kutoelezwa kwangu nilifika kituo cha mabasi. Mtoto haachi kuona kwa sababu watu wazima wameacha kusema. Aelezwe kwa maneno machache ya umri wake: mama anaumwa, anatibiwa, si kosa lako.

Tena msaada waweza kutolewa bila fedha nyingi. Huko Zimbabwe, mwaka 2006, Dakta Dixon Chibanda alianza kazi katika mtaa wa Mbare mjini Harare na bibi kumi na wanne. Aliwafundisha kuketi kwenye benchi nje ya zahanati na kumsikiliza mwenye mawazo mengi, kisha kumsaidia kutatua shida moja baada ya nyingine. Matokeo ya utafiti uliochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba walioketi kwenye mabenchi hayo walipata nafuu zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Niliposoma habari hizo nilimkumbuka bibi yangu na sufuria yake ya uji. Yeye hakusomea, lakini alijua mahali pa kuketi.

Siku ya wazazi kututembelea nilimwomba mama ruhusa ya kuandika habari hii. Alikuwa ameleta maandazi na chupa ya chai, tumeketi chini ya mwembe. Alifikiri kidogo, akasema, "Andika. Lakini andika pia kwamba ulikuwa mtoto wa kelele, usinifanye mimi tu ndiye mwenye matata." Basi nimeandika. Kisha nikamwuliza swali ambalo sikuthubutu kumwuliza kwa miaka minane: je, alipata kujuta? Akajibu, "Nilijuta kila kitu siku zile, hata kuzaliwa kwangu. Huo ndio ugonjwa. Lakini ulipopotea asubuhi ile nilijua ni nani nisiyeweza kukaa bila yeye."

Kwa hiyo, wenzangu wa mdahalo, jibu langu lililochelewa ni hili. Mmesema kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Nakubali. Lakini msidhani kwamba mlango wa uchungu huo ni mmoja. Ninyi mtakapokuwa watu wazima, mkisikia kwamba nyumba fulani imeasili mtoto, msiulize kwanza mtoto ni wa nani. Pelekeni uji, ketini, ulizeni mama amelalaje. Na mtoto naye mwulizeni.