Zaure na Baraza



Idi iliyopita alinijia kijana niliyemsomesha chuoni tangu alifu kwa kijiti. Hivi sasa ni mchora ramani za majumba, na kazi yake iko Abuja, nchini Nigeria. Baada ya kunipa mkono na kunijulia hali alikunjua ramani juu ya mkeka, akasema, "Maalim, tajiri mmoja wa Kano ataka jumba la fahari lisilofanana na ya Ulaya, bali lifanane na ya wazee wake. Nipe rai yako."

Nilitazama nikapendezwa. Kuta ni nene, rangi ya udongo. Ua uko katikati, na vyumba vya watu wa nyumbani viko nyuma, mbali na macho ya wageni, kama ilivyo ada ya Wahausa na ada yetu. Na kutani vimechomoza vijiti, safu juu ya safu.

"Hivi vyafanya kazi gani?"

"Hapa ni urembo tu, Maalim. Nimevitoa katika msikiti mkuu wa Djenné, nchini Mali."

Basi akanieleza, nami nakueleza wewe. Msikiti huo ulijengwa upya mwaka 1907, kwa matofali ya udongo yaliyokaushwa juani. Mvua huula udongo, kwa hivyo watu wa mji huukandika kila mwaka: vijana huchukua tope, wanawake huleta maji, na mafundi huongoza. Vile vijiti, vya mti wa mvumo, ndivyo wanavyopandia. Kila kijiti basi ni ushahidi kwamba wako watu watakaokuja. Jumba la tajiri ni la saruji. Halitaki mkandiko, wala halitaki jirani.

Nikauliza zaure liko wapi. Zaure ni chumba cha kuingilia katika nyumba ya Kihausa. Hapo mgeni hupokewa, na hapo masheikh wengi wamesomesha watu wazima fiqhi na Kiarabu. Akanionyesha: liko ndani, nyuma ya ukuta wa mita 4, geti la chuma na kibanda cha bawabu. Nikamwambia kwa ukali, "Hili ni zaure kwa jina tu. Maskini atalifikia vipi?"

Akainamisha kichwa kwa adabu. "Uniwie radhi, Maalim. Na baraza yako iko wapi?"

Sikuwa na jibu. Marehemu baba aliniachia nyumba yenye baraza mbili za mawe kando ya mlango. Nilizivunja mwenyewe, kwa sababu vijana walikaa hapo usiku wakipiga kelele, nikazungusha ukuta. Mzee mmoja jirani, aliyezoea kupumzika hapo akitoka msikitini, aliugua siku nyingi nami sina habari. Nilipata khabari yake siku ya maziko.

Sisemi nyumba nzuri ni haramu. Aliyejaaliwa na ajenge kwa halali yake, bila israfu. Na kuwafuata wazee katika ujenzi wao ni jambo jema. Lakini wazee hawakutuachia sura ya ukuta peke yake. Walituachia na mahali pa mgeni kukaa, na dini yetu imeihimiza mno haki ya mgeni na ya jirani.

Kijana amechora upya, na zaure sasa laelekea njiani. Tajiri bado hajajibu. Nami nilimwita mwashi, ukuta ukabomolewa upande mmoja, na baraza moja imerudi. Jioni ya kwanza walikuja kukaa vijana wa kelele. Niliwapelekea kahawa.