Herufi kwa Dakika Kumi na Moja

Wimbi la redio la kilohezi 136 lina urefu wa mita 2,200 hivi. Nguzo iliyo robo ya wimbi hilo ingesimama mita 550, na ua gani nyuma ya nyumba ya Uingereza utaibeba? Basi mpenzi wa redio ya ridhaa hutundika waya baina ya mti na paa, akauunganisha na koili nene kama pipa, kisha akaulisha wati mia kadhaa ili irushwe moja tu. Zilizobaki humezwa na koili na udongo. Na hiyo moja ndiyo haki yake: mkutano wa Geneva wa mwaka 2007, uliowagaia wenziwe wote kilohezi 135.7 hadi 137.8, haukuruhusu zaidi. Washairi walalamikao ufinyu wa mizani wangemwonea huruma.

Aliyenyimwa nguvu hukimbilia muda. Wapo warefushao nukta moja ya Morse hadi sekunde 60. Herufi O, yenye vistari vitatu, huchukua dakika 11. Sikio halina kazi hapo. Ni jicho, mbele ya kompyuta, liuonao mstari ukichomoza taratibu katikati ya vurugu za radi za mbali. Kwa hiyo huchaguliwa usiku wa majira ya baridi, radi zinapopungua. Jina la kituo likirudiwa mara chache, kumekucha. Na yule wa ng'ambo ya Atlantiki pengine amekwisha kuzima mtambo, amelala.